Wasikuandike Hajulikani

Baba,

Shikamoo.

Nimeandika neno hilo halafu nikakaa kama mjinga, nikisubiri marahaba. Ndivyo nilivyo siku hizi. Naanza jambo na kuliacha katikati. Jana nilisimama mbele ya friji iliyo wazi mpaka mpangaji mwenzangu, Mama Shadya, akaniuliza, "Dada Felista, unatafuta kitu au unapunga upepo?"

Anwani yangu nimeiweka kona ya juu kulia, kama ulivyotufundisha mimi na Eli tukiwa bado hatujui hata kushika kalamu vizuri. Ni anwani mpya, ya huku Chamazi. Kwenye bahasha nimeandika yako: jina kamili, namba ya nyumba, barabara, Kurasini, halafu postikodi, tarakimu tano, kila moja imesimama peke yake. Moja isifanane na saba. Ulikuwa mkali kwa hilo kuliko ulivyokuwa mkali kwa mambo ya maana. "Anayechambua barua hana muda wa kubashiri," ulikuwa unasema, na Eli anakuigiza nyuma ya mgongo wako, mashavu ameyajaza hewa, mpaka Mama anacheka na kujifanya anakohoa.

Najua hupo hapo. Nimekuacha mwenyewe kule Rombo, kwenye migomba, pembeni ya Mama, na nimeona udongo ulivyokufunika. Lakini barua hii siipeleki Rombo. Naipeleka Kurasini, kwenye nyumba ambayo nayo haipo, na nina sababu yangu. Nivumilie nikueleze yaliyotokea tangu ulipoondoka, kisha utaona.

Nyumba wameivunja, Baba.

Nilitaka nikuambie polepole, ila nimeshindwa kupata njia ya polepole. Tulirudi kutoka kukuzika, macho bado yamevimba, tukakuta mtendaji wa mtaa ameshapita kutangaza kwamba watu wahamishe vyombo. Katapila lilianzia upande wa duka la jirani yetu Mzee Seif. Duka lile la rafu za mbao, lenye harufu ya sabuni na mafuta ya nazi, lilikwenda chini mchana kweupe watu wakitazama. Kisha likaja kwetu. Nilisimama ng'ambo ya barabara nimeshika sufuria. Hata leo sijui kwa nini niliibeba sufuria ile, haikuwa na kitu ndani.

Ukuta wa mbele ndio waliuacha mwisho. Ulikuwa na vitu viwili, unavijua: kibao cha namba juu, na chini yake ile X nyekundu ya bomoabomoa. Niliwaomba wanisubiri, nikaking'oa kibao kwa kisu cha jikoni. Dereva wa katapila akaniambia, "Chukua tu sista, si kumbukumbu hiyo." Nikamchukia bure. Hakuwa na kosa lolote, na sauti yake ilikuwa ya upole.

Sasa pale ni yadi ya makontena. Mimi bado niko kwenye ofisi ileile ya mawakala wa forodha, karani wa nyaraka, kwa hiyo kila siku napita mbele ya ukuta mrefu wa mabati uliosimama mahali tulipokuwa tunaanika nguo. Palipokuwa na chumba chako wamepanga makontena yamebebana. Kila moja lina namba yake. Nikikaa kwenye kompyuta nikaandika namba ya kontena lolote kati ya hayo, naambiwa limetoka bandari gani, limepita wapi, litaondoka lini. Bati tupu, Baba, na dunia nzima inajua lilipo. Eli, mwanao wa kwanza, hatujui alipo.

Nakumbuka siku vijana wa kuandika namba za nyumba walipokuja mtaani kwetu. Ulikuwa umeshastaafu, umevaa ile kaptura uliyokatazwa kuvaa mbele ya wageni, unamwagilia mchicha. Kijana akaandika namba ukutani kwa rangi, akasema kibao kitafuata. Uliacha maji yanamwagika. Ulimshika mkono yule kijana kama mtu aliyekuletea mtoto aliyepotea, ukamuuliza maswali mpaka akaanza kutazama mlango.

Sisi hatukuelewa. Sisi tulizoea kwamba nyumba yetu ni "kwa Baba Eli, ukishapita duka la Mzee Seif, geti la bluu." Nani alihitaji zaidi ya hapo? Lakini wewe ulikaa chumba cha kuchambua barua ujana wako wote na utu uzima wako wote. Ulikuwa unatusimulia ile rafu ya mwisho, ya pembeni, mliyoiita rafu ya mayatima. Barua zilizoandikwa "Kwa Mama Asha muuza chapati, nyuma ya msikiti." Barua za "Mpe kaka yangu Bakari, anakaa karibu na kisima." Asiye na sanduku la posta alikopa la kanisa, la shule au la mwajiri, na asiyepata pa kukopa barua yake ililala kwenye rafu ile mpaka inageuka rangi. Ulisema kuna wakati ulikuwa unaikwepa kuitazama, kwa sababu ulijua humo ndani kuna watu wanasubiriwa.

Kesho yake asubuhi tukasikia Mzee Seif anasugua ukuta. Amechukua brashi ya kufulia na mchanga, kanzu ameifunga kiunoni, anafuta namba yake kwa nguvu zake zote. Na hakuwa peke yake. Nyumba tatu nne za mbele walishafuta. Unajua watu wa mjini huu. Mtu akija na rangi akaandika kitu kwenye ukuta wako, hufikirii barua, unafikiria bomoabomoa. Nakumbuka alivyokuambia huku jasho linamtiririka, "Baba Eli, miye babu yangu kajenga hapa. Sitaki mtu aniandikie kitu ukutani."

Ulikwenda ukakaa naye dukani nusu siku. Nilikuja kukuita ule, nikakukuta umepanga viberiti kwenye meza ya duka kama mtoto anayecheza. Kila kiberiti kilikuwa barua. Ulikuwa unamwonyesha. Anayeishika barua Mwanza hana haja ya kuijua Kurasini hata kidogo. Anatazama tarakimu ya kwanza tu, akiona moja anaitupa upande wa kanda yetu, basi, kazi yake imekwisha. Anayefuata anasoma zinazofuata, anaona ni Temeke, anaitenga na za Kinondoni. Anayefuata anasoma za mwisho, anajua ni kata gani. Halafu mpeleka barua wa kata anashika namba ya nyumba na kwenda nayo mpaka mlangoni. Viberiti vilikuwa vinapungua kila fungu, mpaka kikabaki kimoja, ukakisukuma mbele ya Mzee Seif. "Hiki ni chako," ukamwambia. "Kimekufikia, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa anakujua."

Nilikuwa nimesimama pale na njaa yangu, nikaona umependeza. Sikukuambia.

Mzee Seif akakubali namba yake iandikwe tena. Na kwa sababu yeye kakubali, wale wengine wakakubali. Mtaa mzima ulisema, Baba Eli wa posta katuhakikishia.

Mimi nilijua unachokitaka. Hukuwa unahangaika kwa ajili ya Mzee Seif wala kwa ajili ya nchi. Ulikuwa unamtaka Eli.

Eli aliondoka na lori, utingo wa kwenda kusini, nje ya nchi, akicheka, na begi lile la shule. Tulijua kafika kwa sababu alipiga simu. Tukajua kakamatwa kwa sababu mwenzake alipiga simu. Baada ya hapo hakuna aliyepiga. Simu walimnyang'anya, na namba zetu alikuwa hajazikariri, nani siku hizi anakariri namba. Kilichobaki kwake ni karatasi. Gerezani wanaruhusu kuandika. Barua yake ya kwanza ilipitia sanduku la kule kazini kwako, na ikakaa huko mpaka mtu mmoja akakumbuka kwamba kuna mstaafu anaitwa hivyo. Ulikuja nayo nyumbani umeishika kwa mikono miwili. Alikuwa ameuliza habari za Mama, na Mama tulikuwa tumeshamzika.

Ndiyo maana kibao kilipokuja ulikipigilia mwenyewe, ukakataa fundi. Jioni ileile ukamwandikia. Hukumwandikia mambo mengi. Nilisoma juu ya bega lako. Ulimpa salamu, ukamwambia Mama ametangulia, halafu ukamwandikia anwani mara mbili, na chini yake: "Mwanangu, hii ikariri. Hata wakikunyang'anya kila kitu, hii ibaki nayo kichwani."

Nakumbuka jibu lilivyokuja kuliko ninavyokumbuka harusi yangu. Jumanne, yule mpeleka barua mwenye pikipiki, alisimama dukani kwa Mzee Seif akauliza, "Jamani, hapa nani anaitwa Aloyce Kimario?" Na Mzee Seif, jirani yako wa ukuta kwa ukuta, mtu uliyekula naye futari na krismasi, akamjibu bila kusita, "Huyo hakai hapa." Akauliza kwa mama wa genge. "Simjui." Akauliza vijana wa bodaboda, nao wakatikisa kichwa. Wote hao walikuwa wanakujua, Baba. Wanajua unavyokohoa. Lakini walikuwa wanamjua Baba Eli. Aloyce Kimario hakuna aliyewahi kumsikia.

Jumanne alikuwa tayari kaitoa kalamu. Alinisimulia mwenyewe baadaye: ana ile karatasi ndogo ya kubandika kwenye barua inayorudi, yenye visanduku vya kuweka tiki. Amehama. Amefariki. Amekataa kupokea. Hajulikani. Kalamu ilikuwa imeshafika kwenye hajulikani. Ndipo akatazama bahasha tena, akaona namba, akainua macho, akaona namba ileile ukutani, pembeni ya geti la bluu. Akagonga.

Ulicheka mpaka ukalia. Ulimvuta Jumanne ndani, ukampa chai na mihogo, ukawa unamwonyesha bahasha kana kwamba si yeye aliyeileta. "Mtaa mzima wamenikana," ukawa unasema, "na namba imenitambua." Mzee Seif akaja kuomba radhi huku anacheka, tukamtania wiki nzima. Eli alikuwa ameandika upande mmoja tu wa karatasi. Sehemu ninayoikumbuka ni hii: "Nimeikariri, Baba. Naisema kabla ya kulala, baada ya sala."

Hiyo ndiyo barua pekee iliyowahi kuja kwenye anwani ile kutoka kwa mtu. Nyingine zote zilikuwa za benki na za bima.

Halafu X ikaja. Walikuja watu wa kupima, wathamini, wana orodha ya nyumba kwa namba, na walikuwa wanatembea kutoka kibao hadi kibao bila kumuuliza mtu njia. Nilikuona unavyowatazama kutoka dirishani. Kazi ilikuwa inakwenda haraka, kwa utaratibu, kama ulivyomweleza Mzee Seif kwa viberiti. Wakimaliza nyumba wanaweka X. Jioni Mzee Seif alikuja mpaka getini, hakuingia. "Baba Eli," akasema, "namba yako imetuletea watu."

Haikuwa kweli. Eneo lile lilikuwa limeshaamuliwa liwe yadi, namba au pasipo namba. Ulijaribu kumweleza, ukaanza na maneno ya kanda na kata, ukaishia katikati. Mtaa mzima uliamini kama alivyoamini yeye, na nadhani kuna usiku na wewe uliamini. Ulinuna. Uliacha kumwagilia mchicha. Mama wa genge alikuwa anakuuzia nyanya bila kukutazama usoni, na kwako hilo lilikuwa kubwa kuliko nyumba. Kifua kilipoanza kukubana hukuniambia mpaka ukawa huwezi kulala chali.

Mwishoni kabisa, pale hospitali, hukusema habari ya nyumba wala ya Mzee Seif. Ulinishika kidole kimoja, hiki cha shahada, ukasema, "Atapaandikia palepale." Nikakuambia ndiyo Baba. Nilifikiri unaweweseka. Sasa ndiyo nimeelewa ulikuwa unamsema Eli, na ulikuwa na akili zako zote.

Mzee Seif alikuja kukuaga. Ujue hilo. Alisimama nyuma kabisa ya turubai, baadaye akaja mbele, akaweka mkono kwenye jeneza, akasema kitu kwa Kiarabu kwa sauti ya chini. Kisha akanigeukia akaniambia, "Mwenzangu ndo kaondoka na hasira yangu." Machozi yalikuwa yanaingia kwenye ndevu. Nikampa maji. Kahamia Kunduchi kwa binti yake. Mama wa genge sijui aliko. Wale wote waliokuwa wanaweza kusema "kwa Baba Eli ni pale" wametawanyika, na hawakuachiana anwani.

Nilimwandikia Eli kumwambia kwamba umefariki na kwamba nimehama. Niliandika anwani yangu ya Chamazi mara mbili, kama ulivyofanya. Barua imerudi, Baba. Imerudi na mhuri wa kwao unaosema mtu huyo hayupo hapo tena. Hawakusema yuko wapi. Inaweza kuwa kahamishwa gereza, inaweza kuwa katoka, na kuna jambo la tatu ambalo siliandiki. Nimeuliza kila mahali ambapo karani kama mimi anaweza kuuliza. Wananijibu vizuri. Wanasema wataangalia.

Kwa hiyo hesabu yenyewe ni hii, na naomba usihuzunike huko uliko. Eli, kama yuko, anajua anwani moja tu duniani. Sina namna ya kumwambia nyingine. Na anwani hiyo imejaa makontena.

Nilikwenda posta kuuliza kama barua zako zinaweza kugeuzwa zije kwangu. Yule dada wa dirishani alinisikiliza, ana adabu. Akasema ombi la namna hiyo anasaini mwenye jina. Nikamwambia mwenye jina amefariki. Akanipa pole ya kweli, akaniambia basi nije na karatasi za msimamizi wa mirathi, na mirathi yako baba wadogo ndiyo kwanza wanaanza kuitana vikao. Sikumlaumu. Ungekuwa wewe dirishani ungesema hivyohivyo, na ungeongeza hotuba.

Nilifikiria kukipigilia kibao chako hapa Chamazi. Nilishatafuta hadi msumari. Nikakusikia kabisa: "Namba ni ya mahali, mama, si ya mtu." Nimekirudisha kabatini, kimefungwa kwenye kanga ya Mama. Tofauti ya postikodi yako na yangu ni tarakimu za mwisho tu. Barua ya Eli ingesafiri bahari na nchi, ipite kanda, ipite wilaya, watu wasiotujua waisukume kwa uaminifu mpaka hapa hapa Temeke, halafu ikwame kwa tarakimu mbili.

Ndipo nikamtafuta Jumanne. Nilimsubiri nje ya posta mpaka akatoka na mfuko wake. Nikamuuliza, Kaka Jumanne, ikija barua na namba ya nyumba yetu utaifanyaje? Akanijibu kwa ukweli wake, "Sista, mie nikifika pale naona makontena tu. Nitamgongea nani? Naweka hajulikani, narudisha." Nikamwambia, lakini wewe unamjua mwenye barua. Ulikunywa chai kwake. Aloyce Kimario. Akafikiri, akakunja uso, akatikisa kichwa. "Huyo simkumbuki." Nikasema, Baba Eli. Uso wote ukafunguka. "Aah! Mzee wa posta! Yule mzee aliyelia! Kumbe ndo alikuwa anaitwa hivyo?"

Nikamtajia jina lako tena, alishike.

Unaona, Baba? Nyumba ikiwepo, namba ilikuwa inakutosha hata kama hakuna anayekujua. Nyumba ikiondoka, kilichobaki kwenye bahasha ni jina, na jina lako hakuna anayelijua. Eli ataandika, ikiwa ataandika. Barua itarudi kwake. Na neno pekee atakalopata kutoka nyumbani, huko aliko, ni lile litakalokuwa na tiki. Hajulikani. Baba yake hajulikani, kwenye nyumba aliyokuwa akiisema baada ya sala.

Nimembembeleza Jumanne. Nimemwambia asiweke hajulikani, aweke amehama, na pembeni aandike anwani yangu na postikodi yangu. Aliguna. Akasema yeye haruhusiwi kuandika mambo mengi, akasema pia kuna maneno ya kumhamishia kata nyingine. Halafu akaona ninavyomtazama. "Sawa sista. Nikikumbuka."

Nikikumbuka. Hapo ndipo tulipofikia. Kazi yako yote ya maisha, viberiti, kibao, tarakimu tano zilizosimama wima, imekuja kuegemea kwenye kichwa cha kijana mmoja mwenye pikipiki na barua nyingi.

Ndiyo maana nakuandikia huko. Barua hii itapita kwa wale wanaosoma tarakimu moja tu, itafika kata, itaingia kwenye mfuko wa Jumanne, naye atalazimika kusoma jina lako. Atasimama mbele ya ukuta wa mabati, atamkumbuka mzee aliyelia, atatoa kile kikaratasi, ataweka tiki. Kisha itanirudia, nami nitatazama kaweka wapi. Mwezi ujao nitaandika nyingine. Na mwingine. Jina lako lisikae muda mrefu bila kupita mkononi mwake. Na wakimhamisha Jumanne, atakayekuja ataanza kujiuliza Aloyce Kimario ni nani huyu anayeandikiwa hivi, na akiuliza nitakuwepo wa kumjibu.

Sikudanganyi kwamba nina matumaini. Ulinijua, mimi si mtu wa kujidanganya, hilo nililirithi kwa Mama. Nikiamka asubuhi naamini kwamba Eli hayupo, na nikipita kwenye yadi jioni naamini hivyohivyo. Mume wangu ananiambia niache, ananiambia kwa upendo. Siwezi kumweleza. Labda naogopa kwamba nikiacha, nitakuwa ndiye niliyeweka tiki.

Hata tiki yenyewe sijui niombe ipi. Nimemwambia Jumanne amehama, ili Eli aendelee kutafuta. Lakini kweli ni amefariki, na wewe hukupenda barua iseme uongo. Nikifikiria mtoto wako anavyosoma neno hilo kwenye kisanduku, peke yake, hakuna hata wa kumshika bega, nasema bora amehama. Nikifikiria atakavyokusubiri, nasema bora ajue. Ungekuwepo ningekuuliza. Ni jambo lako hasa hili.

Baba, nimechoka, na mkono unauma, na Mama Shadya ananiita tukachote maji kabla hayajakatika. Nakuaga. Msalimie Mama. Kama Eli mko naye huko, mwambie asinifiche, anioteshe hata ndoto moja nijue, niache kusumbua posta. Kama hayupo huko, basi endelea kumwombea, nami huku nakuahidi hili moja ninaloliweza: nikiwa hai na nina uwezo wa kununua stempu, hawatakuandika hajulikani.

Ni mimi mwanao,

Felista.

Nyuma ya bahasha nimeandika anwani ya mtumaji kwa herufi kubwa na tarakimu zote tano, ili ijue pa kurudi.